Kukereza Pistoni ili Kupunguza Kompresheni: Mwongozo kwa Mwenye Injini Kuukuu Nairobi

Datsun 160J yangu haikuwa na neno hapa Nairobi. Ilipanda Waiyaki Way na watu wanne na mizigo yao bila kunung'unika. Kasheshe ilianza kila nilipoiteremsha Mombasa. Tukishapita Mtito Andei, nikikanyaga mafuta nipite lori, chini ya boneti unasikika mlio kama wa njugu kavu zinazotikiswa ndani ya mkebe. Kufika Voi, hata kimlima cha kitoto kinatosha kuuamsha. Safari ya kurudi, njugu zinapungua kadiri tunavyopanda, na Nairobi kimya kabisa. Mafundi watatu walinipa majibu matatu: beringi, petroli chafu, na la mwisho, "Imezeeka tu bosi, izoee."

Jibu lilikuwa kwenye hedi. Walionitangulia kuimiliki waliichemsha mara kadhaa, na kila ikichemka hedi inapinda, inapelekwa kuskimiwa, yaani kukwanguliwa uso wake unyooke, inarudishwa. Kila nusu milimita inayokwanguliwa hula kama cc 2 za chemba, ile nafasi ndani ya hedi ambamo petroli huungulia. Injini iliyotoka kiwandani na uwiano wa kompresheni (mara ngapi mchanganyiko unabanwa) wa karibu 8.5 kwa 1 ilikuwa imefika karibu 10 kwa 1, bila mtu yeyote kukusudia. Hedi nyingine nzima sikuipata, iliyokuwapo haikuwa na nyama tena ya kuchezea, kwa hiyo nafasi iliyopotea juu ilibidi itafutwe chini, kwenye utosi wa pistoni.

Injini ninayoizungumzia ni L16 ya Datsun, lakini hesabu na hatua ni zilezile kwa Toyota ya zamani, kwa Peugeot 504, kwa karibu kila injini ya petroli ya umri huo.

Nairobi imeshakupunguzia kidogo

Kabla hujamtafuta fundi wa leti, ile mashine ya kukereza, elewa hili. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Silinda ikivuta pumzi hapa inaingiza hewa pungufu kuliko pwani, kwa hiyo hata ikiigandamiza kwa uwiano uleule, shinikizo la mwisho ni dogo. Ndiyo maana injini yenye kompresheni ya kupita kiasi inaweza kukaa miaka Nairobi bila kugonga, yaani bila ule mlio wa njugu, kisha ikajisaliti siku inaposhuka pwani.

Jambo hilohilo huwadanganya watu kwenye geji ya kompresheni. Kitabu kikisema injini nzima isome psi 170, namba hiyo ni ya usawa wa bahari. Hapa injini ileile, ringi zikiwa mpya, itasoma kama 140. Nimeona mtu akiuziwa ringi na pistoni mpya kwa sababu ya tofauti hiyo tu. Kinyume chake ndicho cha kuangalia: gari langu lilikuwa likisoma 165 Nairobi, na fundi akanipongeza. Zilikuwa habari mbaya.

Kwa hiyo ukipunguza kompresheni kupita kiasi, utakuwa na gari zuri la Mombasa na gari zembe la Limuru. Kushuka kutoka 9.9 hadi 8.8, kwa hesabu ya nadharia, kunakupokonya kama asilimia 3 ya nguvu, hutaihisi. Ukishuka hadi 7.5 unapoteza karibu asilimia 8, juu ya ile hewa ambayo mwinuko umeshakunyima. Hiyo utaihisi kila asubuhi. Kata kile ulichopima kwamba kimezidi, na usiongeze chochote kwa ajili ya "usalama".

Hakikisha kosa ni la kompresheni

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno. Nairobi mtu akisema "injini imenoki" anamaanisha beringi za konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, zimekwisha: mlio mzito, wa nyundo, unaofuata mzunguko wa injini hata gari likiwa limesimama. Mimi nazungumzia kugonga kwa mlipuko: mlio mwembamba, mkavu, unaotokea injini ikibebeshwa mzigo na kunyamaza ukiachia mafuta. Cha kwanza hakihusiani na somo la leo.

Na kugonga kwenyewe kuna sababu nyingi zilizo rahisi kuliko kufungua hedi. Taimingi, yaani wakati wa cheche, iliyosukumwa mbele kupita kiasi. Springi za distributa zilizolegea, zikaipeleka taimingi mbele mapema. Plagi za moto kuliko inavyotakiwa. Hewa ya wizi kwenye gasketi ya manifoldi, inayofanya mchanganyiko ukose petroli. Rejeta iliyojaa kutu. Masizi mazito juu ya pistoni, ambayo yenyewe hula nafasi na kubaki na moto. Na petroli iliyotiwa mafuta ya taa: mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo, lakini mwenye gari kuukuu bado ana haki ya kuchagua kituo chake kwa makini. Maliza hayo yote. Mimi niliyamaliza kwa muda wa miezi miwili na njugu zikabaki palepale.

Kuna pia njia za mkato. Maarufu ni gasketi nene, au kubandika gasketi mbili. Gasketi mbili usifanye, zitavuja. Gasketi moja nene ya shaba inafanya kazi ikiwa unatafuta cc 1 au 2. Zaidi ya hapo inaharibu kitu ambacho watu hawakioni: ule ukanda mwembamba pembeni ambako utosi wa pistoni unakaribia kugusa uso wa hedi. Pistoni ikifika juu, ukanda huo unabana mchanganyiko na kuurusha katikati ya chemba kwa nguvu, unachanganyika vizuri na kuungua haraka kabla haujapata muda wa kulipuka wenyewe. Ukiupanua ukanda huo kwa gasketi nene, unaweza kushusha uwiano na injini ikaendelea kugonga. Kwa sababu hiyohiyo usikubali fundi akwangue utosi mzima wa pistoni kuwa tambarare. Tunachotaka ni bakuli katikati, na ukingo wa pembeni ubaki kimo chake cha kiwandani.

Kama injini yako ina ndugu yake aliyetengenezwa na pistoni za bakuli tangu kiwandani, zitafute kwanza. Mizunguko miwili ya Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri, kule wazee bado wanakoita Grogan, inaweza kukuokolea kazi yote hii. Hakikisha tu kimo kutoka katikati ya pini hadi utosini kinalingana na cha kwako.

Kufungua, na mtego wa cheni

Nitapita haraka hapa, kwa kuwa kitabu cha gari lako kinaeleza kuliko mimi. Ila mwenye injini ya L ya Datsun asikie hili: kabla ya kutoa gia ya kamshafti, chonga kabari ya mbao ndefu na uipigilie kati ya pande mbili za cheni, ili kikaza cheni kisiruke nje. Kikiruka, utafungua kifuniko chote cha mbele kwa sababu ya kipande cha mbao ulichoona uvivu kuchonga.

Toa pistoni na konrodi zake, na ziandike namba 1 hadi 4 kwa mpangilio wa silinda. Namba ziandike ndani ya sketi ya pistoni, usiziandike utosini. Utosini pia kuna alama ya kuonyesha upande wa mbele wa injini, mshale, herufi au kidoti, na kukereza kutaifuta. Ihamishie ndani vilevile. Pistoni nyingi zina tundu la pini lililosogezwa kidogo upande mmoja, na ukizirudisha kinyume zitapigapiga kwenye ukuta wa silinda kila asubuhi injini ikiwa baridi.

Kupima: hapa ndipo kazi ilipo

Fundi wa leti anamaliza kazi yake kwa saa chache. Kupima kulinichukua siku mbili, na ningerudia ningechukua tatu.

Unahitaji bomba la sindano la ml 50 au 60 kutoka duka la dawa, kipande cha pespeksi (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo) ya unene wa mm 8 au zaidi kinachofunika chemba na kubaki, grisi, mafuta ya taa yaliyotiwa rangi kwa tone la mafuta ya gia otomatiki, vernia yenye mkia wa kupimia kina, na saa ya kupimia (geji ya mshale ya kusoma sehemu ndogo za milimita) yenye kishikio cha sumaku. Mizani ya kusoma gramu moja moja inapatikana kwa wauza vyombo vya kuokea keki.

Anza na chemba. Geuza hedi iangalie juu, funga plagi, vali zikiwa mahali pake na zisizovuja. Toboa pespeksi tundu la mm 6 karibu na ukingo, paka grisi nyembamba kuzunguka chemba, bandika. Inamisha hedi kidogo ili tundu liwe mahali pa juu kabisa, kisha jaza kwa sindano hadi kipovu cha mwisho kitoke. Kiasi ulichoingiza ndicho ujazo wa chemba. Rudia mara tatu kwa kila chemba. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya nusu cc, grisi yako inavuja au kuna hewa imejificha kwenye plagi. Chemba zangu nne zilitofautiana kwa cc 0.4, na wastani ulikuwa 36.5.

Pili, gasketi. Chukua ile iliyotoka, iliyokwisha kubanwa, na upime unene wake pembeni ya tundu la silinda. Ya kwangu ilikuwa mm 1.2, na tundu lake ni pana kuliko silinda, mm 85. Hiyo ni cc 6.8.

Tatu, pistoni ikiwa juu kabisa iko umbali gani kutoka uso wa bloku. Rudisha pistoni namba 1 bila ringi, weka saa ya kupimia, na ubonyeze pistoni pande zote mbili juu ya mstari wa pini ili isikudanganye kwa kuinama. Yangu ilisimama mm 0.4 chini ya uso. Silinda zilishapanuliwa ovasaizi ya mm 0.5, kwa hiyo upana ni 83.5, na 0.4 hiyo ni cc 2.2. Utosi wa pistoni ulikuwa tambarare. Ungekuwa na bakuli au mifuko ya vali ningeipima pia kwa pespeksi na sindano.

Sasa hesabu. Silinda ya mm 83.5 yenye safari ya pistoni ya mm 73.7 inafagia cc 403.6. Juu yake kumebaki 36.5 na 6.8 na 2.2, jumla 45.5. Uwiano ni jumla ya vyote viwili kugawanywa kwa nafasi iliyobaki juu: 449.1 kwa 45.5, yaani 9.87. Hapo ndipo nilipoacha kuwalaumu wenye vituo vya petroli.

Nilichagua kushuka hadi 8.8. Kwa nini si 8.5 ya kiwandani? Kwa sababu gari linaishi Nairobi na kwenda pwani mara tatu au nne kwa mwaka. Nafasi inayotakiwa juu ni 403.6 kugawanywa kwa 7.8, yaani cc 51.7. Ninazo 45.5. Kila pistoni inanidai cc 6.2.

Bakuli la duara lenye upana wa mm 60 lina eneo la sentimita mraba 28.27. Gawanya 6.2 kwa eneo hilo unapata kina cha mm 2.2. Ukingo unaobaki pembeni ni wa mm 11.75, unatosha kabisa kulinda ule ukanda wa kubana na kukaa mbali na mfereji wa ringi ya juu, ambao kwa ndani huingia kama mm 4.

Je, utosi una nyama ya kutosha?

Usipitie sehemu hii kwa haraka. Miaka ya nyuma, kwenye gari lingine, niliwahi kumpa fundi pistoni nne na kumwambia "toa kidogo". Akatoa kwa jicho. Gari likatembea vizuri kama miezi minne, kisha karibu na Emali likaanza kutoa moshi wa buluu kwenye tundu la kupumulia la injini. Nilipofungua, pistoni namba 3 ilikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mahindi, kingo zake zimeyeyuka na kuviringika kama nta ya mshumaa. Tulipoikata katikati kwa msumeno tukaona utosi wake ulibaki mm 3. Zile nyingine tatu zilikuwa na 4 na ushei. Fundi hakukata tofauti. Pistoni zenyewe ndizo zilizotofautiana kwa ndani tangu zilipotoka kwenye kalibu. Kosa lilikuwa letu sote wawili, kwa kuwa hakuna aliyepima.

Kupima ni rahisi. Simamisha pistoni kichwa chini juu ya kioo. Kwa vernia pima kimo chote kutoka kioo hadi ukingo wa sketi. Kisha ingiza mkia wa vernia kutoka ukingo huohuo wa sketi hadi sakafu ya ndani ya utosi. Toa cha pili kwenye cha kwanza. Rudia sehemu tano: katikati, na pande nne ndani ya duara la bakuli utakalokata. Namba ndogo kuliko zote katika pistoni zote nne ndiyo inayoamua. Yangu ilikuwa 7.8, kwa hiyo baada ya kukata 2.2 inabaki 5.6.

Kanuni ninayoifuata kwa pistoni za kumiminwa zenye upana wa aina hii, kwa injini isiyo na tabo (pampu ya kusukuma hewa ya ziada ndani ya silinda), ni kutobakisha chini ya mm 5. Kama kina unachohitaji kinavunja kanuni hiyo, panua bakuli badala ya kulichimba zaidi: la mm 66 litakupa cc 6.2 kwa kina cha mm 1.8 tu.

Na neno moja kwa wenye tabo. Pistoni ya kumiminwa iliyokatwa haifai kuwekewa tabo. Tabo linaongeza joto na shinikizo mahali palepale ulipopunguza nyama. Nunua pistoni za kufuliwa zenye bakuli lake, au achana na tabo.

Kabla ya kwenda kwa fundi tafuta nyufa. Loweka pistoni usiku kucha kwenye mafuta ya taa, ifute ikauke kabisa, kisha ipake unga wa chaki. Ufa ulionyonya mafuta utayatema na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Angalia zaidi kuzunguka matundu ya pini na kwenye kona za mifereji ya ringi. Yenye ufa haitengenezwi.

Kwa fundi wa leti

Mafundi wa kukereza wamejaa Kariobangi Light Industries na Industrial Area. Usimtafute mwenye mashine mpya zaidi. Mtafute anayekuuliza maswali. Mzee niliyempata aliishika pistoni, akaizungusha kwenye vidole, akaniuliza, "Umeshaona kwamba hii si duara?" Nikajua nimefika.

Ni kweli. Sketi ya pistoni ni yai kidogo, na ni nyembamba juu kuliko chini, ili ikipata joto itanuke iwe duara. Ukiibana kwenye makucha matatu ya leti itakaa upande, na bakuli litatoka limeinama. Na ukikaza sana utaiponda sketi. Kibebeo sahihi ni hiki: kipande cha chuma au aluminiamu kinachokerezwa kwenye leti hiyohiyo kiwe na ngazi inayoingia kwa kubana kidogo ndani ya mdomo wa sketi, mahali ambapo kiwanda kwa kawaida kiliacha ukingo uliokerezwa kwa kazi hiyohiyo. Kisha pini ya bandia inapita kwenye tundu la pini, na boliti ndefu yenye nati inaivuta pistoni kutoka nyuma ya leti hadi ikae tuli. Pistoni inavutwa mahali ilipo imara, na hakuna kinachogusa sketi kwa nje. Mzee alitumia asubuhi nzima kutengeneza kibebeo, na dakika kama kumi na tano kwa kila pistoni.

Konrodi lazima itoke kwanza. Kwenye L16 pini imebanwa ndani ya konrodi kwa nguvu, hutoka kwa presi yenye kitako kinachoishika pistoni ipasavyo. Ukipiga kwa nyundo, pistoni imekufa.

Mwandikie fundi karatasi, usimwachie kumbukumbu: upana mm 60, kina mm 2.2, kona ya chini ya bakuli iwe na mviringo wa mm 2 hadi 3, ukingo wa juu uvunjwe kwa nusu milimita. Kona kali chini ya bakuli ndipo ufa unapoanzia, na ukingo mkali juu hupata moto hadi ukawaka na kuwasha mchanganyiko kabla ya plagi. Kisu kiwe kikali, kinyweshwe mafuta ya taa, mzunguko kama 500 hadi 700 kwa dakika, na mkato wa mwisho usizidi mm 0.1. Kaa hapo ukiangalia. Baada ya pistoni ya kwanza, msimamishe na mpime pamoja kabla hajaigusa ya pili.

Ukifika nyumbani, laini bakuli kwa msasa wa maji namba 600, osha kwa sabuni na brashi hadi mifereji ya ringi isibaki na chembe, kisha weka mizani. Kila moja ya zangu ilipungua kama gramu 17, kama hesabu inavyodai: cc 6.2 mara gramu 2.7 za aluminiamu. Zote nne ziwe ndani ya gramu 2. Iliyo nzito ipunguzwe kwa ndani, chini ya sketi au kwenye nyama ya ziada kando ya tundu la pini. Utosi usiguswe tena.

Kurudisha

Kabla ya kufunga moja kwa moja, thibitisha ujazo. Teremsha pistoni mm 10 kamili chini ya uso wa bloku, ziba pembeni kwa grisi, funika kwa pespeksi, jaza. Silinda ya mm 83.5 ingemeza cc 54.8 kama utosi ungekuwa tambarare. Ukipata karibu 61, bakuli lako liko sawa. Kama silinda moja inatofautiana na nyingine kwa zaidi ya nusu cc, bora urudi kwa fundi sasa.

Hedi iliyoskimiwa sana inaleta shida nyingine kwenye injini za L: kamshafti imesogea karibu na kranki, cheni imelegea, na taimingi ya vali imechelewa. Dawa yake ni shimu, yaani vibati vyembamba vya unene sawasawa, chini ya minara yote ya kamshafti, kurudisha kimo kilichopotea. Vitengenezwe kwa mashine, visikatwe kwa mkasi.

Nafasi ya vali ipimwe kwa plastisini ya watoto wa chekechea. Paka mafuta kidogo, bandika juu ya pistoni, funga hedi na gasketi ya zamani, zungusha injini kwa mkono mara mbili kamili, fungua. Kata plastisini kwa wembe na upime pale palipo pembamba: vali ya kuingiza mm 2, ya kutolea mm 2.5, usiende chini ya hapo.

Mengine ni ya ovaholi ya kawaida. Ringi zipimwe mwanya ndani ya silinda yake, alama ya mbele iangalie mbele, boliti za hedi zikazwe kwa spana ya toki kutoka katikati kwenda nje kwa awamu tatu, kwa namba za kitabu cha gari lako.

Kuitia moto na kuipima Magadi

Mchanganyiko unaobanwa kidogo huungua polepole, kwa hiyo injini iliyopunguzwa hupenda cheche mapema kidogo. Anza na digrii za kitabu, tembea kilomita 500 za upole, badilisha oili, kisha ongeza digrii 1 au 2. Kabureta iangaliwe upya.

Kosa la mwisho ni kuipima Nairobi. Nairobi ilikuwa kimya hata kabla hujakata. Mombasa ni kilomita karibu 480, mbali kwa majaribio, Magadi inatosha. Toka Ongata Rongai, Kiserian, Kona Baridi, kisha unateremka hadi ziwani, kwenye mwinuko wa mita kama 600, na joto lake unalijua. Nenda na maji ya kutosha, yako na ya rejeta. Kipimo chenyewe ni safari ya kurudi: gari limepata joto, jua la saa nane, dirisha wazi, gia ya tatu, mguu chini kwenye miinuko ya kwanza baada ya ziwa. Ukisikia njugu hapo, rudisha taimingi digrii 2 na ujaribu mlima uleule.

Hata kama husikii kitu, juu ya mlima wa kwanza zima injini, acha ipoe kidogo, toa plagi zote nne na uzitazame kwenye jua, ikiwezekana kwa lenzi. Ukiona kwenye kauri nyeupe vidoti vyeusi au vya kumetameta kama pilipili manga, hiyo ni masizi na aluminiamu ikianza kurushwa kutoka utosini, na sikio lako limekudanganya. Zangu zilitoka za rangi ya chai ya maziwa, safi, isipokuwa namba 3 iliyokuwa nyeusi kidogo kwa oili. Sili ya vali yake ilikuwa imechanika wakati nafunga.